Kudhibiti minyoo fundo kwa bakteria wa udongo: mwongozo kamili, kuanzia kupima shamba hadi kusoma mizizi

Wakulima wengi hukutana na minyoo fundo wakiwa wameshachelewa. Mimea imedumaa kwa mabaka, majani yana manjano kama yaliyokosa mbolea, mchana yananyauka ingawa udongo una maji. Mbolea inaongezwa na hakuna kinachobadilika. Siku mmea mmoja unapong'olewa, mizizi yote ni vinundu vitupu. Kwa mimea hiyo, msimu huo, bakteria hawana tena msaada mkubwa. Nalitanguliza hili kwa sababu bidhaa za bakteria zimepata sifa mbaya hasa kwa kumwagwa shambani mwezi mmoja baada ya wakati wake kupita.

Sababu iko katika maisha ya mnyoo mwenyewe. Minyoo fundo ni nematodi, yaani minyoo wadogo sana wa udongoni, wa jenasi ya Meloidogyne. Mnyoo mchanga hutoka kwenye yai akiwa na urefu wa chini ya nusu milimita, huogelea katika utando mwembamba wa maji unaozunguka chembe za udongo, huufikia mzizi na kuingia karibu na ncha yake. Humo ndani huchagua mahali, huzilazimisha seli za mzizi zivimbe zimlishe, na akiwa jike hatoki tena. Jike hugeuka kuwa umbo la peasi na kutaga mamia ya mayai ndani ya ute. Udongo ukiwa na joto la nyuzi 27 hivi, mzunguko mzima huchukua wiki 3 hadi 4, hivyo msimu mmoja wa nyanya hutosha vizazi kadhaa.

Angalia basi ni wapi mdudu huyu yuko wazi: akiwa yai, na katika siku chache za safari kutoka yai hadi mzizi. Bakteria wengi tutakaowazungumzia hufanya kazi hapo tu. Kila hatua iliyo hapa chini ina lengo moja, nalo ni kuwafikisha bakteria walio hai kwenye mzizi mchanga kabla mnyoo hajafika.

Bakteria gani, na wanafanya nini hasa

Kundi linalotumika zaidi ni Bacillus: Bacillus firmus, B. subtilis, B. amyloliquefaciens, B. velezensis, B. licheniformis. Faida yao kubwa kwa mkulima ni spora. Mazingira yakiwa magumu, bakteria hawa hujifunga ndani ya ganda gumu na kulala, wakastahimili ukavu na joto la ghalani kwa muda mrefu, kisha huamka wakikuta unyevu na sukari zinazotolewa na mizizi. Wakishaamka hujijenga kwenye ngozi ya mzizi, hutoa vimeng'enya vinavyomeng'enya protini na kitini (vijenzi vya ganda la yai), hutoa sumu zinazowalemaza minyoo wachanga, na huuamsha mmea wenyewe ujenge kinga. Wengine hula au kubadilisha kemikali za mizizi ambazo mnyoo huzifuata ili aujue mzizi ulipo.

Pseudomonas, hasa kundi la P. fluorescens, ni hodari wa kuushika mzizi haraka na baadhi yao hutoa sianidi na viuavijasumu vingine. Lakini hawatengenezi spora. Bidhaa yao ikikaa kwenye jua au ghala lenye joto, unachonunua ni unga wa bakteria waliokufa. Kama huna mahali pa baridi pa kuihifadhi, chagua Bacillus bila kusitasita.

Pasteuria penetrans ni wa namna ya pekee. Spora zake hunata kwenye ngozi ya mnyoo anayepita, mnyoo huingia nazo mzizini, na bakteria huota ndani ya mwili wa jike hadi akashindwa kutaga. Jike mmoja aliyeambukizwa anaweza kuachia udongoni spora zipatazo milioni mbili. Ndiyo maana kuna mashamba ambayo, baada ya miaka ya kulimwa zao lile lile, minyoo hupungua yenyewe: Pasteuria wamejazana. Ubaya wao ni kwamba huchagua sana mwenyeji. Kundi linalonata kwa minyoo wa shamba moja huenda lisinate kwa wa shamba jirani. Tena huongezeka polepole, na katika udongo wa kichanga umwagiliaji mwingi huzisukuma spora chini kupita mizizi.

Utakutana pia na bidhaa ya Burkholderia rinojensis wa ukoo (yaani tawi maalumu ndani ya spishi) A396, ambao huuzwa wakiwa wameshauawa. Kinachofanya kazi ni kemikali walizokwisha kutengeneza. Hiyo itumie kama dawa, usitarajie iote. Angalia pia usichanganye bakteria na kuvu. Bidhaa za Purpureocillium lilacinum au Trichoderma ni kuvu, nazo huuawa na dawa nyingi za ukungu ambazo Bacillus huzivumilia.

Hatua ya 1: Hakikisha ni minyoo, na ujue wako wengi kiasi gani

Wakati mzuri wa kupima ni karibu na mwisho wa msimu, mizizi ikiwa bado hai, maana hapo ndipo minyoo huwa wengi. Chota udongo wa kina cha sentimita 20 hadi 30 katika sehemu 15 hadi 20, ukienda kwa mwendo wa kukatiza huku na huku, kila mara pembeni mwa shina, mahali penye mizizi myembamba. Ukiwa na baka la mimea inayokufa, usichote katikati yake. Pale mizizi imeshaoza na minyoo wamekosa chakula. Wako kwenye ukingo, ambako mimea ndiyo kwanza inaanza kudhoofika. Changanya ndani ya ndoo, toa nusu kilo pamoja na vipande vya mizizi, funga kwenye mfuko wa plastiki, andika jina la eneo, weka kivulini. Usigandishe na usiache juani, kwa kuwa maabara huhesabu minyoo walio hai.

Kama maabara iko mbali, mmea wenyewe unaweza kukupimia, na kwa maoni yangu kipimo hiki kinastahili kufanywa hata na mwenye maabara mlangoni. Jaza vyungu vinne au vitano kwa udongo wa shamba. Jaza vingine viwili, vya kulinganishia, kwa udongo ule ule uliochemshwa au kupikwa kwa mvuke ukapoa. Otesha tango, au nyanya ya aina isiyo na ukinzani. Mwagilia kwa kiasi, weka mahali penye joto, usubiri wiki 5 hadi 6. Kisha zamisha chungu ndani ya ndoo ya maji, acha udongo ulegee wenyewe, suuza mizizi taratibu bila kuivuta, uihesabu hivi:

0: hakuna kinundu
1: kimoja au viwili
2: vitatu hadi 10
3: 11 hadi 30
4: 31 hadi 100
5: zaidi ya 100

Kwenye jamii ya kunde, jihadhari usije ukawaua rafiki zako. Vinundu vya rizobiamu, bakteria wanaoupa mmea naitrojeni, vimeshikamana pembeni mwa mzizi, hubanduka kwa kidole, na ukivipasua ndani vina rangi ya waridi. Kinundu cha minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Hukibandui bila kuukata.

Minyoo wengine hawaachi vinundu. Pratylenchus na Radopholus hutembea ndani ya mzizi wakiacha vidonda vya kahawia hadi vyeusi, na migomba yenye Radopholus similis huanguka na mizizi yake. Hao wanahitaji maabara, na bakteria huwapata kwa shida zaidi.

Hatua ya 2: Punguza jeshi kabla hujaweka mlinzi

Chungu chako kikisoma 1 au 2, bakteria pamoja na usafi wa shamba vinaweza kutosha. Kikisoma 3, ongeza jambo moja kati ya haya yafuatayo. Kikisoma 4 au 5, usinunue bakteria kwanza. Udongo wenye minyoo wengi namna hiyo humshinda bakteria yeyote, na utaishia kumlaumu bure.

Jambo la kwanza halina gharama ila jasho: baada ya kuvuna, ng'oa mizizi mara moja, mizizi yote, uitoe shambani na kuikausha juani mpaka ikatike kwa mkono. Mizizi iliyoachwa ardhini huendelea kulea mayai kwa wiki nyingi. Palizi nayo isisubiri, kwani magugu mengi hulisha minyoo fundo sawasawa na mazao.

Marejea, mimea ya jamii ya kunde, hasa Crotalaria juncea, yakipandwa shamba zima kwa miezi miwili au mitatu huwanyima minyoo fundo chakula na huongeza naitrojeni yakifukiwa. Tagetes, yale maua ya rangi ya machungwa yenye harufu kali, hutoa mizizini kemikali inayoua minyoo, lakini yafanye kuwa zao la msimu: yajaze shamba. Mstari mmoja wa maua kando ya nyanya hupendeza macho, na haufanyi zaidi ya hapo.

Penye jua kali, tandika plastiki angavu juu ya udongo uliolainishwa na kumwagiliwa, fukia kingo zake, uiache wiki 4 hadi 6. Tumia angavu, si nyeusi, maana nyeusi hupasha joto yenyewe badala ya udongo. Njia hii huua pia sehemu ya viumbe wema wa tabaka la juu, na hapo ndipo bakteria wako wanapopata nafasi: wakiletwa mara baada ya plastiki kutolewa wanakuta ushindani mdogo. Ukifukia haradali au majani ya jamii ya kabichi, subiri wiki 2 hadi 3 gesi zake ziishe, ndipo uweke bakteria.

Nyanya zenye jeni ya ukinzani iitwayo Mi husaidia sana, ila ukinzani huo hulegea udongo ukizidi joto la nyuzi 28 hivi.

Hatua ya 3: Soma lebo kabla ya kulipa

Jina la spishi halitoshi. Bacillus subtilis wawili wanaweza kutofautiana kabisa, mmoja akiwa adui wa minyoo na mwingine asiyewagusa. Tafuta kitambulisho cha ukoo, yaani zile herufi na namba zinazofuata jina, kama I-1582 kwa Bacillus firmus. Tafuta idadi ya chembe hai, inayoandikwa CFU kwa gramu au mililita. Bidhaa nzuri huwa na milioni 100 hadi bilioni kadhaa. Tafuta tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, joto la kuhifadhia, namba ya usajili, na neno "nematodi" au "minyoo" katika orodha ya matumizi. Lebo inayosema tu "bakteria wenye manufaa" na kuahidi kuongeza mavuno, kufukuza magonjwa na kurutubisha udongo kwa mpigo mmoja, irudishe rafuni.

Kuhusu kuzalisha bakteria nyumbani kwa molasi na pipa: sikushauri. Unachokuza kwenye pipa lililo wazi si kile ulichotia, bali chochote kinachokua upesi zaidi. Baadhi ya jamaa wa Bacillus husumbua tumbo la binadamu, na baadhi ya Burkholderia ni hatari kwa wenye mapafu dhaifu. Pasteuria ndiyo kabisa hawakubali pipa, kwani shambani huota ndani ya mnyoo tu.

Hatua ya 4: Andaa maji na mchanganyiko

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha. Suuza bomba la kunyunyizia mara tatu, hasa kama lilibeba dawa ya ukungu yenye shaba, kwani masalia kidogo tu yanatosha kuharibu kazi. Koroga unga kwanza katika maji kidogo mpaka uwe uji laini, halafu ongeza maji yaliyobaki.

Fuata kipimo cha lebo, lakini ujue hesabu yake. Bidhaa yenye CFU bilioni moja kwa gramu, ukitia gramu 10 katika lita moja, inakupa milioni 10 kwa kila mililita. Mche ukipata mililita 50 za maji hayo umepata chembe milioni 500, kiasi ambacho kina maana. Ukigundua kipimo unachopendekezewa kinaupa mche chembe elfu chache, hiyo ni pesa iliyotupwa.

Tumia mchanganyiko siku hiyo hiyo na uukoroge mara kwa mara, maana chembe huzama. Vaa barakoa wakati wa kupima unga. Vumbi la spora huwasha mapua na huamsha pumu kwa baadhi ya watu. Nawa mikono kwa sabuni.

Hatua ya 5: Anzia kwenye mbegu na kitalu

Hii ndiyo hatua yenye thamani kuliko zote. Udongo wa hekta moja ni mwingi mno kuutawala kwa bakteria, ilhali udongo wa trei ya miche unaweza kuutawala wote, kwa bidhaa kidogo, na mizizi ikaota ikiwa tayari imevikwa.

Mbegu zinazooteshwa moja kwa moja, kama karoti au bamia, zipake bidhaa iliyotengenezwa kwa ajili ya mbegu, zikauke kivulini na kupandwa upesi. Hakikisha hazikuwa zimepakwa tayari dawa inayoua bakteria. Kwa miche, tumia udongo safi wa kitalu usio na minyoo. Kitalu chenye minyoo huisambaza shamba zima kwa mikono yako mwenyewe. Mwagia bakteria wakati wa kusia, kisha mara ya pili siku tatu hadi tano kabla ya kuhamisha, mpaka udongo wa trei ulowe bila kutiririka chini. Miche ya mizizi mitupu ichovye ndani ya mchanganyiko kwa dakika 15 hadi 30, ipandwe kabla mizizi haijakauka.

Hatua ya 6: Kupanda na wiki zinazofuata

Weka bakteria jioni au siku ya mawingu, kwa kuwa mionzi ya jua huwaua upesi wakiwa juu ya udongo. Udongo uwe na unyevu tangu kabla. Ukiwa mkavu, bakteria hubaki pale walipoangukia. Ukiwa umefurika, hukosa hewa au husombwa. Joto la udongo likiwa chini ya nyuzi 15, kazi huwa ya polepole sana.

Mwagia kwenye shimo au shinani siku ya kupanda. Rudia baada ya siku 10 hadi 14, na tena kila baada ya wiki 3 hadi 4 kwa mazao ya muda mrefu, kwa sababu mizizi mipya huota kila siku nayo haina ulinzi hadi ifikiwe. Uamuzi wangu, pale bajeti inapobana, ni kuacha marudio ya mwisho na kamwe si yale ya kitaluni.

Kwenye umwagiliaji wa matone, endesha maji matupu kwanza, ingiza bakteria katikati ya muda, umalizie na maji matupu kwa dakika chache za kusafisha mirija. Ukimwaga maji mengi baada yake, unawasukuma chini ya mizizi. Toa chujio laini mno. Siku za kusafisha mirija kwa asidi au klorini ziwe mbali na siku za bakteria.

Usichanganye na dawa za shaba, antibiotiki kama streptomaisini, peroksidi, wala mbolea ya maji iliyo kali. Acha wiki moja kati yao kama lebo haisemi vinginevyo. Mboji iliyoiva vizuri, kwa upande mwingine, ni mshirika mwema: hushika unyevu na kuwalisha. Samadi mbichi si mboji.

Hatua ya 7: Acha mistari bila dawa, kisha soma mizizi

Bila mistari michache isiyopata bakteria, hutajua kamwe kilichotokea. Iache katika sehemu mbili au tatu tofauti za shamba, maana minyoo hukaa kwa mabaka. Mstari mmoja pembeni unaweza kuwa mahali ambapo hapakuwa na minyoo tangu mwanzo. Weka vijiti vya alama.

Wiki ya 6 hadi ya 8 baada ya kupanda, ng'oa kwa uma wa bustani mimea mitano kila upande, suuza, hesabu kwa kipimo kile cha 0 hadi 5. Rudia baada ya mavuno ya mwisho, ukichukua mimea mingi zaidi. Usihukumu kwa majani. Bakteria hawa mara nyingi hukuza mizizi na majani hata bila minyoo, hivyo mmea unaweza kunawiri huku minyoo wakizaliana chini yake kwa amani.

Tarajia kupungua, usitarajie kutoweka. Mistari isiyopata dawa ikisoma 4 na iliyopata ikasoma 2, hayo ni mafanikio. Zote zikisoma sawa, kagua kwa mpangilio huu: je, bidhaa ilikuwa hai (tarehe, ghala, ukoo)? Je, ilifika kabla ya minyoo? Je, kitalu chenyewe kilikuwa safi? Je, kuna dawa ya shaba iliyopita katika wiki zile? Je, minyoo walikuwa wengi kupita kiasi tangu mwanzo? Swali la pili na la mwisho ndiyo hueleza mashamba mengi niyajuayo.

Mizizi uliyoisoma usiirudishe kwenye rundo la mboji. Ikaushe au uichome, usafishe jembe na viatu kabla ya kuingia eneo lisilo na vinundu, uandike alama za kila baka kwenye ramani ya shamba. Ramani hiyo ndiyo itakayokuonyesha, kabla ya msimu ujao, wapi pa kupanda marejea na wapi pa kupeleka bakteria tena.